Simu Mkononi mwa Muuzaji: Uzoefu wa Biashara ya Jumla Mombasa

Kampuni niliyoifanyia kazi ya uhasibu kwa miaka mingi inauza vyakula kwa jumla: sukari, unga wa ngano, mchele, mafuta ya kupikia na chumvi. Ghala lake liko upande wa Shimanzi, na wateja wake ni maduka madogo ya rejareja yaliyotapakaa kutoka Likoni na Ukunda upande wa kusini hadi Kisauni, Bamburi na Mtwapa upande wa kaskazini. Watu wakinisikia nikisema kwamba tuliingiza simu katika biashara hiyo, hudhani nitawaeleza habari za malipo tu. Malipo yalikuwa sehemu nyepesi. Kilichotutoa jasho ni kuamua habari za biashara ni mali ya nani pindi zinapotoka kwenye majalada ya ofisi na kuhamia kiganjani mwa mfanyakazi. Daftari likiwa mezani kwa karani, hakuna anayeuliza mwenyewe ni nani. Likiwa ndani ya simu ya muuzaji, jambo hilo halina jibu mpaka lijadiliwe, likubaliwe na liandikwe.

Zamani muuzaji alitoka asubuhi na gari, kitabu cha risiti chenye nakala tatu, na mfuko wa kitambaa. Alirudi jioni mfuko umejaa noti na sarafu, baada ya kuvuka na kivuko cha Likoni katikati ya umati, na akikuta benki zimekwisha kufungwa, fedha zililala ndani ya sefu hadi kesho yake. Wezi waliijua ratiba hiyo sawasawa na sisi. M-Pesa ilipoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, wakurugenzi wetu hawakuitazama mara mbili, kwa sababu ilinadiwa kama njia ya mtu wa mjini kutuma pesa nyumbani, na wala haikuonekana kuwa ni jambo la kampuni. Walioileta kwetu ni wenye maduka. Mama mmoja wa Likoni, ambaye hakupenda kukaa na fedha nyingi dukani, alianza kumtumia muuzaji wetu malipo kwenye laini yake mwenyewe, muuzaji akazitoa kwa wakala na kuziandikia risiti kama kawaida. Wenzake wakafuata. Ofisi ilipokuja kugundua, sehemu kubwa ya makusanyo ya kusini ilikuwa inapita katika akaunti ya mtu binafsi, tena kwa uaminifu kamili, bila hata shilingi kupotea.

Hapo pana funzo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha uhasibu: teknolojia ya mkononi huingia katika kampuni kupitia mlango wa uani, ikiletwa na mteja na mfanyakazi wa chini, na uongozi huikuta imekwisha kuzoeleka. Kuipiga marufuku kungewaudhi wateja wazuri na kumdhalilisha muuzaji ambaye hakuwa na hatia. Kuiacha kama ilivyokuwa kungeacha fedha za kampuni zikitegemea afya na tabia ya mtu mmoja, kwani muuzaji huyo angeugua au kufiwa, nani angefungua simu yake?

Kati ya aina mbili za nambari za kampuni za kupokelea malipo ya M-Pesa, tulichagua Paybill badala ya Till, na sababu yake inafaa kuelezwa, maana wafanyabiashara wengi huchukua ile wanayoonyeshwa kwanza. Till, ambayo ilienea madukani baada ya huduma ya Lipa na M-Pesa kuzinduliwa mwaka 2013, inamfaa mwenye duka ambaye mteja yuko mbele yake: mteja analipa, mwenye duka anaona ujumbe, bidhaa inatoka, mambo yamekwisha. Paybill inamtaka mlipaji aandike pia nambari ya akaunti, na nambari hiyo ndiyo inayomweleza mhasibu kwamba fedha hizi ni za duka fulani. Kwa biashara inayouza kwa mkopo, ambapo mzigo unashuka Jumatatu na malipo yanakuja Alhamisi kutoka kwa mtu usiyemwona, nambari hiyo ina thamani kubwa kuliko malipo yenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyotarajia. Kwa hakika, watu waliandika walivyotaka. Mmoja aliandika jina lake, wa pili jina la mtoto wake ambalo ndilo jina la duka, wa tatu aliandika "unga", na wako walioandika nambari ya simu ya muuzaji kwa kumheshimu. Fedha zilifika kwa sekunde chache, kisha zikakaa siku nzima bila mwenyewe, huku karani akipiga simu duka baada ya duka kuuliza nani amelipa kiasi gani. Kazi ya kuhesabu noti ilikuwa imekufa, na mahali pake pakazaliwa kazi ya kulinganisha malipo na ankara, ambayo ilikuwa ngumu zaidi na haikuwamo katika makadirio ya mtu yeyote. Viwango vya malipo vilizidisha tatizo. Hadi Machi 2020 mtu hakuweza kutuma zaidi ya shilingi 70,000 kwa mara moja, kwa hiyo ankara moja ya mzigo wa wiki ililipwa kwa vipande viwili au vitatu, wakati mwingine kutoka simu tofauti za watu wa nyumba moja. Benki Kuu ilipopandisha kiwango hicho hadi shilingi 150,000 wakati wa korona, na hadi 250,000 mwaka 2023, vipande vilipungua, na nadhani mimi na karani wangu tulifurahi kuliko wenye maduka.

Kuna waliotushauri tuache kabisa nambari za akaunti na tumtambue mteja kwa nambari ya simu aliyolipia. Nilikataa, kwa sababu katika maduka yetu simu na mwenye duka havifuatani: baba analipa kwa simu ya mke wake, mke analipa kwa simu ya kijana wa dukani, na kijana akiishiwa na chaji anakwenda kulipa kwa jirani. Baadaye nambari za walipaji zilipoanza kufichwa katika taarifa zinazofikia biashara, kwa ajili ya kulinda faragha, kampuni zilizojenga mifumo yao juu ya nambari hizo zilijikuta zimepofuka. Dawa yetu ilikuwa ya kawaida mno. Kila duka lilipewa nambari fupi, tukaichapisha kwenye kila ankara kwa herufi kubwa, na muuzaji akaiandika kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta wa ndani ya duka, karibu na kaunta, mahali ambapo hata mtoto aliyetumwa kulipa angeiona.

Baada ya malipo ndipo tulipowapa wauzaji simu za kisasa zenye programu ya kupokea oda. Kampuni iliyotutengenezea ilikuja na maonyesho mazuri sana, yaliyofanyika katika chumba chenye intaneti ya kasi. Mtu wa Mombasa anayo haki ya kucheka hapa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua pwani yetu mwaka 2009, na sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya inaingilia hapa hapa ufukoni. Lakini ingia ndani ya ghala la kuta za mabati, au nyuma ya duka la matofali mazito katika vichochoro vya Mji wa Kale, na simu haioni hata mstari mmoja wa mtandao. Programu ambayo haiwezi kufanya kazi bila mtandao haina maana kwa muuzaji anayetembea, na hilo ndilo swali la kwanza ninalomshauri mwenye biashara aulize kabla ya kutazama rangi na picha.

Tukarekebishiwa, programu ikaanza kuhifadhi oda ndani ya simu na kuzipeleka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, mtandao ukirudi. Hapo likazuka jambo jingine ambalo lilituchukua muda kulielewa. Muuzaji wa Likoni na muuzaji wa Mtwapa waliona, kila mmoja katika simu yake, kwamba ghalani imebaki mifuko 40 ya sukari ya kilo 50, na kila mmoja akaiuza yote. Hakuna aliyedanganya. Simu ya mmoja ilikuwa imekatikiwa na mtandao tangu asubuhi, na takwimu aliyoiona ilikuwa ya kweli ilipopokelewa na ya uongo ilipotumika. Fundi wa programu alipendekeza mfumo umpe mali yule ambaye oda yake imefika kwanza kwenye seva, jambo ambalo kwa mashine ni haki na kwa watu ni dhuluma, kwa kuwa lingempa ushindi daima muuzaji anayezunguka mahali penye mtandao mzuri, na lingewaadhibu wateja wa mashambani huko Kwale kwa kosa la kuishi mbali na mnara. Tulichoamua ni kugawanya mali kila alfajiri: kila njia ya mauzo ilipewa fungu lake, muuzaji akauza ndani ya fungu hilo hata kama simu imekufa kwa mtandao, na anayehitaji zaidi akampigia simu msimamizi wa ghala ili achotewe kutoka fungu la mwenziwe. Mfumo ulikuwa na akili kidogo kuliko ule wa mwanzo, na mizozo ya sukari ikaisha.

Suala la laini lilikuwa chungu zaidi. Muuzaji wetu mmoja hodari aliondoka na kwenda kwa kampuni nyingine, na wateja wa njia yake, ambao kwa miaka walikuwa wakimpigia yeye, waliendelea kumpigia yeye. Hakuiba chochote. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, majina aliyahifadhi mwenyewe, na sauti waliyoizoea wateja ni yake. Mkurugenzi alitaka tumshtaki. Wakili akamuuliza atashtakiwa kwa kosa gani. Tangu hapo laini zote za kazi zikasajiliwa kwa jina la kampuni, simu zikawa za kampuni, na mtu akiondoka anaacha vyote viwili. Wauzaji hawakuupenda uamuzi huo, na wana hoja, kwa sababu urafiki na wateja waliujenga kwa jasho lao. Tulikubaliana kwamba anayeleta duka jipya ataendelea kulipwa kamisheni yake hata akihamishiwa njia nyingine. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa bei halali ya kununua daftari ambalo hapo awali tulilichukulia kuwa ni letu bila kulipia.

Simu hizo zilikuwa pia na uwezo wa kuonyesha mahali zilipo. Msimamizi wa mauzo aliufurahia uwezo huo kupita kiasi, akawa anaketi ofisini akitazama vitone vikitembea kwenye ramani. Ijumaa moja alimpigia muuzaji kumuuliza kwa nini amesimama muda mrefu mahali ambapo hakuna mteja. Muuzaji, ambaye ni mtu mpole, alikuja ofisini kwangu jioni ile.

"Dada, mimi mshahara wenu nimeukubali na kazi yenu naifanya," alisema. "Lakini msikitini nako mnanifuata?"

Sheria ilikuwa upande wake kuliko alivyojua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyoanza kutumika Novemba 2019, inataka mtu aelezwe habari zake zinakusanywa kwa madhumuni gani, na inataka kisikusanywe zaidi ya kile kinachohitajika kwa madhumuni hayo. Tulihitaji kujua kama maduka yalitembelewa. Hatukuhitaji kujua mtu anaswali wapi wala anapitia wapi akirudi nyumbani. Programu ikabadilishwa ili irekodi mahali pale tu muuzaji anapofungua oda ya duka, na ramani ya vitone ikaondolewa. Msimamizi alilalamika kwamba sasa watu watalala kazini. Oda hazikupungua.

Nimeacha suala la mkopo kwa makusudi hadi hapa, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi. Biashara ya jumla ya pwani inakwenda kwa kuaminiana, na aliyekuwa akiamua nani aaminiwe kwa kiasi gani ni muuzaji, akikadiria kwa macho, kwa historia ya familia na kwa habari za mtaa. Programu ilipokuja, tuliweka kikomo cha deni kwa kila duka, na oda inayozidi kikomo ikakataliwa papo hapo. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri. Siku chache kabla ya Ramadhani, wakati kila duka linaongeza unga, sukari na mafuta kwa sababu matumizi ya usiku yanapanda, muuzaji wetu alikuwa dukani kwa mzee mmoja wa Kisauni ambaye amenunua kwetu tangu enzi za baba wa mkurugenzi. Mzee aliagiza mara mbili ya kawaida yake, kama anavyofanya kila mwaka, na simu ikaandika kwa maandishi mekundu kwamba ombi limekataliwa. Wateja wengine walikuwa wamesimama pale pale kaunta.

Nilikwenda mwenyewe kumwona. "Shikamoo, ami," nikamwambia, "nimekuja kwa ajili ya ile oda."

"Marahaba, mwanangu. Sukari mtanipa au hamtanipa, hilo si neno," akajibu. "Neno ni kwamba nimenyimwa na simu, mbele ya watu, na kijana wenu amesimama hana la kusema."

Alikuwa amelitaja tatizo kwa usahihi kuliko ripoti yoyote niliyoandika. Kikomo chenyewe hakikuwa kibaya. Kibaya ni kwamba tulimnyang'anya muuzaji uamuzi na hatukumpa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo mbele ya mteja hapakuwa na mtu wa kuwajibika. Tulirudisha uamuzi kwa wauzaji kwa masharti: muuzaji anaweza kuvuka kikomo hadi kiwango fulani, jina lake linaandikwa kando ya ruhusa hiyo, na deni likilala anaitwa yeye kueleza kabla ya mteja kufuatwa. Katika msimu wa Ramadhani vikomo vyote hupandishwa mapema. Maandishi mekundu yaliondolewa. Sasa simu humwambia muuzaji "wasiliana na ofisi", naye hutoka nje kupiga simu.

Jambo jingine nililoliona katika vitabu, na ambalo wasimamizi wengi hawalizungumzi, ni kwamba baadhi ya maduka yalianza kutulipa haraka sana na wakati huo huo yakazidi kudhoofika. Huduma za mikopo ya M-Pesa zilikuja, M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, na mwenye duka aliyekuwa akituomba siku tatu za subira akawa anakopa kwenye simu na kutulipa siku ile ile. Ofisini tulishangilia. Lakini gharama ya Fuliza inahesabiwa kwa kila siku ambayo deni halijalipwa, na faida ya mfuko wa sukari katika duka la rejareja ni nyembamba mno. Mzigo wa mkopo ulikuwa umehama kutoka kwetu, ambao hatukutoza riba, kwenda mahali panapotoza. Duka likianza kulipa haraka kuliko desturi yake huku oda zake zikipungua, mimi humwomba muuzaji aende kuzungumza na mwenyewe kabla hatujalipoteza.

Kuhusu ulaghai sina mengi ya kusema kwa kuwa dawa yake inajulikana. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye simu, kwa hiyo mzigo haushushwi kwa kuonyeshwa ujumbe wa mteja. Unashushwa pale taarifa ya malipo inapotokea katika mfumo wetu wenyewe. Madereva waliona aibu mwanzoni kumwambia mteja wa siku nyingi asubiri, mpaka tukaichapisha kanuni hiyo nyuma ya kila ankara ili ionekane ni amri ya kampuni na si shaka ya dereva. Na vitabu vya risiti vya nakala tatu bado vimo ndani ya kila gari, kwani huduma za malipo hukatika, na mara nyingi hukatika mwisho wa mwezi watu wakiwa wengi.

Mamlaka ya Mapato imeongeza sababu nyingine ya kuwa na simu. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa mamlaka hiyo wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi katika hesabu za kodi, kwa hiyo hata maduka ambayo zamani yalizitupa karatasi zetu sasa yanazidai, na muuzaji huzitoa pale pale mlangoni.

Mjadala unaoendelea sasa ni kama wauzaji wanahitajika tena. Mkurugenzi kijana, aliyerithi kiti cha baba yake, anataka wenye maduka waagize wenyewe kwa simu zao, na tumejaribu hivyo katika maduka ya Nyali na Bamburi ambayo wenyewe wana simu za kisasa. Oda za bidhaa wanazozijua zinakuja vizuri, nyingi zikiwa za saa nne au saa tano za usiku baada ya duka kufungwa, na hilo lilitulazimu kumweka karani wa zamu kwa sababu mteja anayeagiza usiku anatarajia kujibiwa usiku. Bidhaa mpya haziagizwi kabisa, kwa kuwa hakuna mtu wa kumwonjesha mwenye duka mchele mgeni wala kumweleza kwa nini mafuta ya chapa ile yamepanda bei. Upande wa Kwale wengi wanatumia kabambe, yaani simu za kawaida zisizo na intaneti, na menyu ya kubonyeza nyota na reli (* na #) tuliyowatengenezea wanaikatiza katikati na kumpigia simu muuzaji. Kwa sasa tumekubaliana kwamba njia ya kaskazini itatembelewa mara moja kwa wiki badala ya mara mbili, muuzaji akibeba sampuli na kukusanya malalamiko, na njia ya kusini ibaki kama ilivyo mpaka wenye maduka wenyewe waombe vingine.